Tunanunua seva, hatuajiri wa kuilinda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalowahusu wenye biashara, wakurugenzi wa kampuni za kati na ndogo, viongozi wa SACCOS, wamiliki wa hospitali na shule binafsi, na kila mtu ambaye shughuli zake za kila siku zinategemea ile kompyuta moja iliyowekwa kwenye chumba chake, ambayo wafanyakazi wote wanaiita seva. Miaka ya karibuni tumetumia fedha nyingi kununua mashine hizo na programu zake, lakini mtu wa kuzilinda tumemwacha nje ya bajeti, au tumemwajiri kwa jina tu. Ninachotaka kusema ni kwamba usalama wa seva ni kazi ya mtu aliyeisomea na kuizoea, inayofanywa wiki hadi wiki, na kwamba hakuna kifaa unachoweza kukinunua mara moja kikaifanya kazi hiyo kwa niaba yake.

Anayetaka kuona hali yetu ilivyo asome matangazo ya kazi. Tangazo la kawaida la "mtu wa IT" linamtaka mwombaji ajue kutengeneza kompyuta na printa, kuvuta nyaya za mtandao, kufunga kamera za CCTV, kubuni mabango, kuendesha kurasa za kampuni za Facebook na Instagram, kuwafundisha wenzake programu ya uhasibu, na mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, "kusimamia seva na usalama wake". Nimeona hata tangazo lililotaka mwombaji awe na leseni ya pikipiki. Kijana anayeipata kazi hiyo simlaumu hata kidogo. Siku yake inaliwa na printa iliyomeza karatasi, na meneja mauzo anayetaka tangazo la sikukuu liwe limeingia mtandaoni kabla ya saa sita mchana. Printa ikiharibika watu wanapiga kelele. Seva yenye tundu la usalama inaendelea kufanya kazi vizuri kabisa, tena kwa miezi, kwa hiyo haipati zamu yake. Ajabu ni kwamba mwenye biashara huyo huyo halazi ghala lake usiku mmoja bila mlinzi, na mlinzi asipofika zamu anapigiwa simu yeye na kampuni yake, ilhali orodha ya wadeni wote, bei za manunuzi, mishahara ya wafanyakazi na hesabu za kodi zinalala kwenye seva ambayo hakuna anayeiangalia.

Nitaeleza nilichokikuta katika biashara moja ya jumla hapa mjini, ambayo sitaitaja kwa sababu ingeweza kuwa nyingine yoyote. Seva ilikuwa chini ya ngazi, ikipozwa na feni ya mezani, imezungukwa na maboksi ya sabuni. Ilikuwa inaendeshwa na Windows Server 2012, mfumo ambao Microsoft iliacha kuutolea viraka vya kawaida vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba matundu yake, tarehe 10 Oktoba 2023. Mhasibu aliwahi kuomba afanye kazi akiwa nyumbani, na fundi wa wakati huo akafungua njia kwenye rauta, kile kifaa kinachoiunganisha ofisi na intaneti, inayompeleka mtu yeyote aliyeko kwenye intaneti, awe Mbagala au bara jingine, moja kwa moja hadi kwenye ukurasa wa kuingilia seva. Kilichobaki kumzuia mgeni ni nywila, na nywila yenyewe ilikuwa jina la duka likifuatiwa na mwaka. Akaunti ya fundi huyo, ambaye alikuwa amekwisha kuacha kazi, ilikuwa bado hai na ina mamlaka yote. Nakala za akiba za hesabu, ambazo watu wengi huziita bakapu, zilikuwa zikiandikwa kila usiku kwenye diski ya nje isiyochomolewa kamwe. Mwenye duka aliionesha diski hiyo kwa fahari. Programu za kuteka na kudai fidia zikiingia kwenye seva hazichagui: zinafunga kila faili zinaloweza kulifikia, na diski iliyochomekwa inafikika sawa na diski ya ndani, kwa hiyo bakapu ile ingefungwa pamoja na hesabu ilizokusudiwa kuziokoa.

Hakuna hata kimoja katika hayo kilichohitaji fedha nyingi kurekebishwa, ukiacha leseni ya mfumo mpya. Kufunga ile njia kwenye rauta na kumpa mhasibu njia salama ya VPN, yaani njia ya faragha iliyofichwa ndani ya intaneti, yenye uthibitisho wa hatua mbili (nywila pamoja na ithibati ya pili, kama namba inayotumwa kwenye simu), kufuta akaunti ya aliyeondoka, na kuwa na diski mbili zinazopokezana ili moja iwe siku zote nje ya jengo, ni kazi ambayo mtu mwenye ujuzi angeimaliza bila kelele. Kilichokosekana ni huyo mtu, au tuseme alikuwepo, lakini hapakuwa na aliyemwambia kwamba hiyo ndiyo kazi yake, na hakuwa amefundishwa kuiona hatari hiyo akiitazama.

Wenye biashara wengi wanafikiri kwamba wadukuzi ni watu wenye maarifa ya miujiza, na kwa hiyo akitaka kukuingilia atakuingilia tu. Ukweli hauko hivyo. Seva nyingi zinaingiliwa kupitia matundu ambayo yameshatangazwa hadharani na kiraka chake kimeshatolewa bure. Mtengenezaji akitoa kiraka, tangazo lake linasomwa na pande zote mbili. Wadukuzi wanakichambua kiraka ili wajue kinaziba nini, kisha wanaandika programu inayozunguka intaneti nzima kutafuta seva ambazo bado hazijazibwa. Kuanzia hapo ni mashindano ya siku, wakati mwingine ya saa, na upande wetu anayekimbia ni msimamizi wa seva. Kama hayupo, au yuko Posta anafuatilia wino wa printa, upande mmoja unakimbia peke yake.

Mfano uliochunguzwa kwa kina ni wa Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya wananchi. Tarehe 7 Machi 2017 watengenezaji wa Apache Struts, programu iliyotumika kuendesha tovuti za kampuni nyingi kubwa, walitangaza kuwa ina tundu la hatari na wakatoa marekebisho. Siku iliyofuata kitengo cha serikali ya Marekani kinachoshughulikia dharura za kompyuta kikatoa onyo. Tarehe 9 Machi watu wa usalama ndani ya Equifax wakasambaza barua pepe wakiagiza tundu hilo lizibwe ndani ya saa 48. Mpaka hapo mtu angesema kazi imefanyika. Kumbe orodha ya waliotumiwa barua pepe hiyo ilikuwa ya zamani, na waliopaswa kuweka kiraka kwenye mfumo husika hawakuipata. Wiki iliyofuata walipitisha programu ya kutafuta matundu katika mtandao wao, nayo haikuuona mfumo huo. Katikati ya Mei wadukuzi wakaingia kupitia tundu lile lile, wakakuta nywila zilizohifadhiwa bila kufichwa, wakazitumia kuingia kwenye hifadhidata nyingine nyingi, na wakaendelea kuchota hadi mwisho wa Julai. Kampuni ilikuwa na kifaa cha kukagua mawasiliano yanayotoka, lakini cheti chake cha usalama kilikuwa kimeisha muda miezi mingi nyuma bila mtu kukihuisha, hivyo kifaa kilikuwa kinatazama bila kuona. Tarehe 29 Julai cheti kilipohuishwa, mara moja yakaonekana mawasiliano yasiyoeleweka. Taarifa za watu wapatao milioni 147 zilikuwa zimekwenda, na mwaka 2019 kampuni ilikubali kulipa angalau dola milioni 575 kumaliza mashauri.

Equifax haikupungukiwa fedha, vifaa, wala sera zilizoandikwa vizuri. Kiraka kilikuwepo, onyo lilitolewa, agizo likaandikwa. Palipokatika ni pale agizo lilipotakiwa kufika kwenye mikono ya mtu ambaye mfumo ule ni jukumu lake kwa jina, na pale mtu wa pili alipotakiwa kwenda kuhakikisha kama limetekelezwa. Mkurugenzi mkuu aliyeondoka, Richard Smith, alipofika mbele ya kamati ya Bunge la Marekani mwezi Oktoba mwaka huo, alieleza kwamba kuna mfanyakazi mmoja ambaye hakufikisha agizo la kuweka kiraka kwa wahusika. Mimi maelezo hayo hayaniingii akilini. Kampuni inayoacha taarifa za mamilioni ya watu zitegemee mtu mmoja asisahau, bila wa pili wa kumkagua, imejipangia yenyewe siku ya kusahau. Na lawama ya mpango huo ni ya aliyekaa kiti cha juu.

Kuna wanaonijibu kwamba siku hizi viraka vinajiweka vyenyewe, bonyeza tu ruhusu. Kwa kompyuta ya mezani naafiki. Kwa seva inayoendesha programu ya hesabu iliyoandikwa na kampuni nyingine, kiraka kinaweza kuizima programu hiyo asubuhi ya Jumatatu wakati foleni ya wateja imefika mlangoni, na ndiyo sababu mafundi wengi waoga huzima masasisho yote na kusahau kuyarudisha. Mtu mwenye ujuzi anakijaribu kiraka kwanza kwenye seva ya majaribio, anachukua nakala ya seva nzima, anakiweka usiku ambao hakuna kazi, na anajua jinsi ya kurudi nyuma kikileta matata. Zaidi ya hapo, kiraka huziba tundu, hakimtoi aliyekwisha kuingia. Hilo lilidhihirika Machi 2021, Microsoft ilipotoa viraka vya dharura vya seva za barua pepe za Exchange wakati wadukuzi walikuwa wameshaanza kuzitumia zile nyufa. Makumi ya maelfu ya seva duniani ziliingiliwa. Wengi walioweka kiraka walipumua, wakati ndani ya seva zao mgeni alikuwa ameshaacha programu ndogo ya kumrudisha wakati wowote anaotaka. Mwezi uliofuata ilibidi FBI wapate kibali cha mahakama ili waingie kwenye mamia ya kompyuta nchini Marekani na kuziondoa programu hizo wao wenyewe, kwa kuwa wenye seva walikuwa hawajaziondoa. Kuitafuta programu kama hiyo, ukijua seva yako katika hali ya kawaida inaonekanaje na faili gani si lake, ni ujuzi ambao haumo katika boksi la programu yoyote ya kuua virusi.

Hapo kwenye "hali ya kawaida" ndipo penye uzito. Seva inaandika kumbukumbu za kila anayeingia na anayejaribu kuingia. Msimamizi anayezisoma mara kwa mara anajua kwamba karani wa stoo huingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Akiona jina la karani huyo limeingia saa tisa usiku kutoka nje ya nchi, hahitaji kuambiwa. Akiona majaribio mia kadhaa ya nywila yaliyoshindwa kwa usiku mmoja, anajua kuna mlango uliosahaulika wazi kuelekea intaneti. Katika ofisi nyingi nilizopita kumbukumbu hizi zinajiandika na kujifuta zenyewe bila jicho la binadamu kuzipitia, na siku ya tukio mchunguzi anakuta zimebaki za juzi na jana tu.

Kuhusu bakapu nitasema kidogo zaidi, kwa sababu ndipo watu wanapojidanganya sana. Biashara nyingi zina bakapu; zilizowahi kujaribu kurudisha kitu kutoka humo ni chache mno. Faili linaweza kuandikwa kila usiku kwa mwaka mzima likiwa bovu, au likiwa tupu, au likiwa na hesabu lakini halina ule ufunguo wa kufungulia hifadhidata, na mashine itaendelea kutoa ujumbe kwamba kazi imekamilika. Njia ya kujua ni moja: chukua kompyuta nyingine isiyo na kitu, rudisha humo hesabu za mwezi uliopita kutoka kwenye bakapu, kisha mwite mhasibu azilinganishe na zile za kwenye karatasi. Zikilingana, andika tarehe na muda uliotumika. Mkurugenzi anayetaka kujua kama ana mtu wa kweli kwenye seva zake amwombe afanye jambo hilo mbele yake mwisho wa mwezi, na asikubali kuoneshwa alama ya kijani kwenye skrini.

Najua jibu la wengi: sisi ni wadogo, nani atahangaika na duka la vifaa vya ujenzi? Aliyehangaika ni programu, ambayo haijui wewe ni nani. Programu ya kuteka na kudai fidia iitwayo WannaCry, iliyosambaa tarehe 12 Mei 2017, haikuwa na orodha ya maadui. Ilifuata kila mashine ya Windows iliyokuwa haina kiraka kilichotolewa tarehe 14 Machi mwaka huo, ikafunga kompyuta za hospitali za Uingereza kama ilivyofunga za viwanda na ofisi katika nchi nyingi. Wengine wanasema wamehamishia kila kitu kwenye wingu, yaani kwenye mitambo ya kampuni nyingine inayofikiwa kwa intaneti, kwa hiyo ulinzi ni wa mwenye wingu. Mwenye wingu analinda jengo lake na mitambo yake; nani ameingia kwa jina lako, na umempa ruhusa gani, hayo amekuachia wewe. Mwezi Juni 2014 kampuni iliyoitwa Code Spaces, iliyokuwa ikiwahifadhia waandishi wa programu kazi zao kwenye mitambo ya Amazon, iliingiliwa kwenye akaunti yake ya usimamizi, na mdukuzi akafuta data pamoja na nakala za akiba, kwa kuwa vyote viliwekwa chini ya akaunti hiyo. Kampuni ilitangaza kufunga biashara.

Wako pia waliokwisha kuajiri wataalamu wazuri lakini hawakuwapa nguvu. Hapa kisa cha Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake sote tunayaona yakipita barabarani, kinatufaa. Tarehe 27 Juni 2017 programu haribifu iliyopewa jina NotPetya ilitoka Ukraine kupitia masasisho ya programu ya uhasibu iliyokuwa ikitumika huko, ikaingia Maersk na kuenea kwenye mtandao wake wa dunia nzima. Haikutegemea ukosefu wa viraka pekee. Ilichota pia nywila kutoka kwenye kumbukumbu ya mashine iliyoingia, ikazitumia kuingia mashine nyingine, kwa hiyo hata kompyuta yenye viraka vyote ilianguka kama nywila ya msimamizi ilikuwa moja kwa zote. Kampuni ilikadiria hasara ya dola kati ya milioni 200 na 300, na mwenyekiti wake alieleza mwaka uliofuata kwamba walilazimika kuweka upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Seva zote zinazotunza orodha ya watumiaji wa mtandao zilikuwa zimefutika, isipokuwa moja iliyokuwa Ghana, ambayo ilinusurika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika pale wakati shambulio linapita. Sisi tunaolalamikia umeme kila siku tuna haki ya kutabasamu kidogo hapo.

Jambo lililonigusa zaidi katika kisa hicho lilitokea kabla. Iliripotiwa baadaye kwamba wataalamu wa ndani walikuwa wameshaonya juu ya seva zilizochakaa na mtandao usio na vizuizi kati ya sehemu moja na nyingine, na mpango wa marekebisho ukakubaliwa na kutengewa fedha. Haukutekelezwa, kwa sababu haukuwekwa miongoni mwa mambo ambayo wakubwa wa kitengo walipimwa na kulipwa bonasi kwayo. Kwetu mambo ni yale yale kwa sura ndogo. Msimamizi anaomba saa mbili za Jumapili usiku azime seva aweke viraka. Meneja anakataa kwa sababu kuna tawi linafunga hesabu. Anaomba wiki inayofuata, anaambiwa tuko mwisho wa mwezi. Anaomba kila mfanyakazi awe na nywila yake, anaambiwa wazee wa stoo watasahau. Baada ya kukataliwa mara kadhaa anaacha kuomba, na huyo ndiye atakayeitwa kujieleza siku seva ikitekwa. Mwenye dhamana ya usalama wa seva anapaswa kuwa na siku yake ya matengenezo iliyoandikwa kwenye kalenda ya kampuni, ambayo meneja wa mauzo haruhusiwi kuifuta, na anapaswa kumfikia mkurugenzi bila kupitia kwa mtu ambaye maombi yake yanamkera.

Sheria nayo imeshatutangulia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika hapa Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu ajisajili kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, achukue hatua za kiusalama kuzilinda na awe na afisa wa ulinzi wa taarifa binafsi. Ni hatua njema. Ninachokiona mitaani ni kampuni zinazomkabidhi cheo hicho mwanasheria au ofisa utumishi, faili likajaa fomu zilizosainiwa, wakati seva yenyewe ni ile ile ya chini ya ngazi. Tume inapokagua ingefaa iulize pia nani anaweka viraka, na alama yake ya mwisho kwenye daftari la kazi ni ya tarehe gani. Hali kadhalika kitengo cha dharura za kompyuta, TZ-CERT, kilicho chini ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), hutoa tahadhari kuhusu matundu mapya, lakini tahadhari inahitaji mtu upande wa pili wa kuisoma na kuielewa, la sivyo itaishia kwenye barua pepe ya ofisi pamoja na matangazo ya semina.

Wapo watakaosema wataalamu hawapatikani. Vyuo vyetu vinatoa vijana wa fani hii kila mwaka, na wengi wao wana kiu ya kujifunza. Tatizo ni kwamba kijana anaweza kumaliza shahada bila kuwahi kusimamia seva inayotumika, kwa sababu alipoenda field, yale mafunzo kwa vitendo, alipewa kazi ya kupanga mafaili na kupokea simu. Kampuni zenye wasimamizi wazoefu zingewachukua vijana hawa, zikawapa seva ya majaribio waivunje na kuijenga upya, wakarudisha bakapu kwa mikono yao, wakakaa na mzoefu usiku wa kuweka viraka. Na akishaiva, alipwe. Mwenye biashara anayelalamika kwamba nikimsomesha ataondoka ajiulize kwanza kama mshahara anaompa unatofautiana na ule alioingia nao kabla hajajua lolote. Hata akiondoka, kama kazi yake imeandikwa vizuri, anayekuja anaanzia palipoishia. Anayeondoka na siri zote kichwani aliachiwa afanye hivyo na mwajiri wake.

Sisemi kwamba kila duka liajiri mtaalamu wa kudumu. Duka lenye kompyuta sita haliwezi, na halihitaji. Lakini biashara kadhaa za jengo moja, au SACCOS za wilaya moja, zinaweza kuungana na kumlipa mtaalamu mmoja au kampuni ndogo ya kweli, kwa mkataba unaosema wazi anachofanya. Mikataba mingi niliyoiona inasema "matengenezo ya kompyuta kila mwezi", maneno ambayo yanamtosheleza anayekuja kufuta vumbi kwa brashi. Mkataba unaofaa unamtaka alete kila mwezi taarifa ya maandishi inayoonesha viraka vilivyowekwa na tarehe zake, akaunti zilizopo na wenye nazo, zilizofutwa na kwa nini, na matokeo ya jaribio la kurudisha bakapu lililoshuhudiwa na mhasibu. Unataja simu itakayopokelewa usiku, na ndani ya muda gani atafika. Unaeleza kwamba nywila kuu ni mali ya mwenye biashara, inahifadhiwa kwenye bahasha iliyofungwa ndani ya sefu yake, na inabadilishwa siku ile ile mkataba unapokoma. Maana akaunti ya kazi iliyosahaulika si jambo dogo, kama ilivyoonekana Mei 2021 pale kampuni ya Colonial Pipeline ya Marekani iliposimamisha bomba lake la mafuta baada ya wadukuzi kuingia kwa nywila ya akaunti ya zamani ya VPN isiyokuwa na uthibitisho wa hatua mbili.

Mfanyabiashara mmoja mmoja hawezi kuandika mkataba wa namna hiyo bila msaada, kwa kuwa hajui aulize nini. Kwa hiyo naiomba TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, viwanda na kilimo, pamoja na Shirikisho la Viwanda, zikae na Tume ya TEHAMA ziandae mkataba wa mfano kwa Kiswahili kinachoeleweka, wenye kurasa chache, ambao mwanachama anaweza kuuchukua katika ofisi ya mkoa wake na kujaza jina, tarehe na bei. Uambatishwe na maelezo ya kazi ya msimamizi wa seva, yaliyotenganishwa na ya fundi wa printa na ya mwendesha kurasa za Instagram, ili anayetoa tangazo la kazi kesho awe na cha kunakili.

Wako mtiifu,

Msimamizi wa mifumo ya kompyuta,
Ilala, Dar es Salaam.